Onyesho Huachia Kwenye Mishono

Hotuba kwa wachezaji, wazazi na wasaidizi, wiki nne kabla ya maonyesho

Ndugu wachezaji, walimu, wazazi, na nyinyi wote mliojitolea kushika mapazia, sindano na orodha za majina, hamjambo. Karibuni. Wadogo kaeni hapa mbele sakafuni. Viatu vya barabarani vibaki mlangoni. Sababu yake mtaisikia muda si mrefu.

Zimebaki wiki nne. Tuna maonyesho matatu: Ijumaa jioni, Jumamosi mchana na Jumamosi jioni, dansi 17 kila onyesho. Yanaangukia wiki yenye tarehe 29 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Dansi, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu 1982. Tarehe hiyo ni ya kuzaliwa kwa Jean-Georges Noverre, Mfaransa wa karne ya 18 aliyepigania wachezaji wavue vinyago na mavazi mazito ili uso na mwili vipate nafasi ya kusema. Tutamrudia tukifika kwenye nguo.

Leo hatuzungumzii hatua. Hatua mnazo, na ambaye hana, mwalimu wake anamjua. Tunazungumzia yanayokaa kati ya dansi na dansi: kuingia, kutoka, kubadili nguo, giza, sakafu, sauti. Fundi cherehani atakwambia gauni ni nadra kuchanika katikati ya kitambaa. Huachia kwenye mshono. Onyesho nalo ni hivyohivyo. Mcheza kwao hutunzwa, na watazamaji wetu ni watu wetu: mtoto akikosea mguu watampigia makofi zaidi. Lakini wakae gizani dakika mbili bila kujua kinachoendelea, wataanza kuwasha simu, na ukumbi ukishawaka simu hamuupati tena.

Kwa hiyo tuanze na mpangilio. Dansi 17 zenye wastani wa dakika 4 ni dakika 68. Mapumziko ni dakika 15. Inabaki mishono 15, na kila mmoja tumeupa sekunde 20, jumla dakika 5. Onyesho zima ni dakika 88. Kila mshono ukichukua dakika moja badala ya sekunde 20, tumeongeza dakika 10 ambazo hakuna aliyezilipia tiketi.

Mpangilio tuliupanga kwa kadi mezani, kadi moja kwa kila dansi, na majina yote ya wachezaji nyuma yake. Kadi husogezwa mpaka jina lolote linalobadili nguo zote liwe na angalau dansi mbili katikati, yaani kama dakika 8. Anayebadili kitambaa cha kichwani au viatu tu, dansi moja inamtosha. Kuna mahali patatu ambapo haikuwezekana, na watu hao wanajijua. Watakuwa na msaidizi na zoezi lao la peke yao. Tusimsogeze mtu mwingine tena, jamani. Ukivuta kadi moja leo, sita zinahama.

Watoto wako namba 2 na namba 5. Ngoma ya watoto haikeshi: wakimaliza, watainama kushukuru mwishoni mwa sehemu ya kwanza na kukabidhiwa kwa wazazi wakati wa mapumziko. Wapo walioomba watoto wafungue, eti inapendeza. Inapendeza, ila dansi ya kwanza ndiyo inayoliwa na wachelewaji. Watu wanatafuta viti, milango inafunguka, mwanga wa korido unaingia. Mahali hapo panataka kundi kubwa lenye kishindo, lisilojali. Ndiyo maana namba 1 ni ya wakubwa 22.

Sasa sakafu, na hapa naomba tukae kidogo.

Sakafu ya studio na ya jukwaa si ndugu. Hapa studio mbao zimelazwa juu ya vipande vya mpira, zinanepa mguu unapotua. Jukwaani mbao zimekaa juu ya fremu ngumu, na mruko uleule unaupiga muundi na goti kwa nguvu zaidi. Katika wiki ya mwisho, zoezi lolote la jukwaani mnaruka kwa nguvu zote mara mbili, basi. Nyingine zote mnapita tu bila kuruka.

Juu ya mbao hizo tunalaza vinili, yaani tandiko la plastiki la kuchezea, vipande vinne vya upana wa mita 1.6, kutoka kushoto kwenda kulia. Hiyo inatupa mita 6.4 za kuchezea. Jukwaa lina kina cha mita 7. Sentimita 60 zinazobaki nyuma ya pazia jeusi ndiyo njia ya kuvukia upande wa pili, na hapo watu wawili hawapishani. Kanuni ni moja: njia ile inapitwa kutoka kulia kwenda kushoto tu. Anayetaka kurudi kulia, apite korido ya nyuma, sekunde 40 kwa mwendo wa kawaida. Tumepima.

Vinili hukaa imeviringwa kwenye bomba, na ikifunguliwa hung'ang'ania umbo lake. Kwa hiyo inafunguliwa Jumatatu na kubandikwa Jumanne. Ukipiga tepu siku hiyohiyo, usiku itajilegeza, na asubuhi utakuta mawimbi. Wimbi la sentimita moja linatosha kumwangusha mtu anayezunguka. Kati ya kipande na kipande acheni upenyo wa milimita moja au mbili, kwa sababu taa zikiwaka vinili hupata joto na kutanuka; ikikosa pa kwenda, inainuka. Tepu ni ya vinili, upana sentimita 5. Ianzie katikati ya mshono kuelekea ncha mbili, na nyuma ya anayebandika awepo wa kuisugua kwa kitambaa kikavu. Msiivute. Tepu iliyovutwa hujirudi, kingo zake huinuka, na ukucha wa mtu aliye pekupeku huingia papo hapo.

Kusafisha ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo mno, kisha maji matupu, kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, saa moja na nusu kabla ya onyesho ili pakauke. Dawa yoyote ya kung'arisha sakafu isivuke mlango wa jukwaa, hata ikiwa na harufu nzuri namna gani.

Na sasa mafuta ya mwilini. Siku ya onyesho, kuanzia asubuhi, hakuna kujipaka mafuta wala losheni miguuni, mikononi wala mgongoni. Wazazi, hili ni lenu. Mtoto aliyepakwa vizuri akang'aa, akilala sakafuni kwenye dansi namba 2, anaacha bakabaka ambalo halionekani kwa macho, na linamsubiri mtu wa namba 3 anayekuja mbio. Uso upakeni mnavyotaka.

Wacheza baleti wanapenda unga wa ulimbo kwenye soli. Kwenye mbao unafaa. Kwenye vinili hauzami popote. Hujikusanya na kufanya mabaka yanayonata. Mguu unakwama, mwili unaendelea kuzunguka, na goti linapotoka katikati ya hayo mawili. Tutaweka kitambaa chenye unyevu ndani ya trei, kila upande wa jukwaa. Futa soli, ingia.

Kuhusu kioo sina mengi. Kuanzia Jumatatu mazoezi yote yanafanyika mkiwa mmekipa mgongo. Kioo kimetulea, lakini jukwaani hakuna, na aliyezoea kukitazama atageuza shingo kumtafuta jirani yake, naye jirani anamtafuta yeye. Siku mbili za kwanza mistari itapinda kama njia ya mlimani. Msishtuke, itanyooka.

Badala ya kioo mna namba. Ukingo wa mbele wa jukwaa una upana wa mita 9. Katikati ni 0, kisha 1, 2, 3, 4 kila upande, mita kwa mita. Jumapili hii tunapiga utepe huohuo hapa studio. Kila mchezaji awe na namba yake kwa kila umbo, na aweze kuitaja akiamshwa usingizini: umbo la tatu, kulia 2, mstari wa pili. Kulia ni kulia kwako ukiwatazama watu. Walimu wakikaa ukumbini husema kulia wakimaanisha kwao, na zoezi zima linapotea hapo. Nyinyi walimu ndio mjirekebishe, si watoto.

Tuje kwenye taa. Mwanga wa mbele, kama wa mkutanoni, huulaza mwili ukawa kama picha iliyobandikwa ukutani. Mwanga wa pembeni huuchonga: unaona msuli, unaona mgongo ukipinda, unaona nafasi kati ya mchezaji na mwenzake. Mmarekani Jean Rosenthal, aliyewawekea taa Martha Graham na George Balanchine, ni miongoni mwa waliofanya mwanga huo uwe wa kawaida kwenye dansi. Sisi tuna nguzo tatu kila upande, zimesimama nyuma ya mapazia meusi, na kila nguzo ina taa tatu: sentimita 40 kutoka sakafuni, sentimita 150, na sentimita 240. Ile ya chini ndiyo inayofanya miguu ionekane inaelea. Ndiyo pia inayopiga miundi ya watu wanaotoka mbio.

Mkitoka, pitieni kati ya nguzo na pazia lililo mbele yake, msipunguze mwendo mpaka pazia la pili. Anayesimama mara tu baada ya kutoka anakuwa ukuta kwa watano walio nyuma yake. Ukiigusa taa, mwambie fundi taa, usiirudishe mwenyewe. Ikigeuka nyuzi mbili tu, upande wa pili wa jukwaa mwanga umehama sentimita 30, na mchezaji aliyetakiwa kuangaziwa uso anaangaziwa sikio.

Mwanga huu unapofusha. Ukiingia, usiitazame taa. Tazama ukingo wa vinili mpaka macho yazoee. Wanaozunguka wanahitaji mahali pa kutua macho, na ukumbi ukiwa na giza hapapo, ndiyo maana hata mchezaji mzuri hupepesuka siku ya kwanza jukwaani. Tumefunga taa nyekundu ndogo nyuma kabisa ya ukumbi, juu ya mlango wa katikati. Hiyo ndiyo nukta yenu. Wiki ya pili tutazima nusu ya taa za studio ili mjifunze kusimama kwa mguu mmoja bila kutegemea dirisha.

Giza kamili halitazidi sekunde 4. Kwa watoto halitakuwepo kabisa. Tutashusha mwanga mpaka bluu hafifu, kwa sababu mtoto gizani husimama palepale na kuita mtu. Utepe unaong'aa gizani utakuwa kwenye kingo za mapazia, miguu ya nguzo, na ukingo wa mbele, ambako ukidondoka ni sentimita 80 mpaka chini.

Kuhusu rangi: kitambaa chekundu chini ya mwanga wa kijani au bluu huonekana kahawia iliyoungua au cheusi kabisa. Nguo nyeusi mbele ya pazia jeusi humeza mwili, inabaki mikono na vichwa vikielea. Wanaoshona waleteni vipande vya sentimita 20 kwa 20 Alhamisi ya wiki ya pili, tuvipitishe chini ya taa kabla mkasi haujapita. Wiki ya nne tutakachoweza kuwapa ni pole tu.

Sasa mavazi, na Noverre wetu. Kila vazi lipite mtihani ufuatao: inua mikono yote juu, chuchumaa mpaka chini, lala na ugeuke, ruka mara nane. Kama kuna kitu kimepanda, kimeshuka, au kimebaki nyuma, vazi halijaisha. Sketi ndefu ya mtu anayerudi kinyumenyume iwe sentimita 10 juu ya sakafu. Pini za usalama si mshono. Zikifunguka zinachoma, na zikianguka zinamngoja aliye pekupeku. Shoneni lastiki, tieni mafundo mara mbili. Hereni, saa, bangili na pete zivuliwe nyumbani. Mavazi yajaribiwe yakiwa na jasho, maana kitambaa chembamba kikiloa hubadili tabia: kinanata mgongoni na zipu inagoma.

Wale watatu wenye mabadiliko ya haraka, sikilizeni vizuri. Mna kati ya sekunde 50 na 90. Meza haitumiki, inatumika shuka jeusi sakafuni, nyuma ya pazia la tatu kushoto. Viatu vinakaa vikiwa vimefunguliwa, vidole vikielekea jukwaani. Sketi inalazwa imefunguka kama duara kuzunguka viatu, ili uingie miguu miwili na msaidizi aipandishe mara moja. Blauzi inashikwa na msaidizi mkono wa kwanza ukiwa tayari mdomoni mwa mkono wa nguo. Zipu za mgongoni zimebadilishwa kuwa utepe wa kunata au vifungo vikubwa vya kubonyeza, kwa sababu zipu ikikwama hakuna wa kuhurumiwa. Vazi la pili linalowezekana kuvaliwa chini ya la kwanza, livaliwe chini. Mchezaji haongei wala hajisaidii. Anasimama, ananyoosha mikono, anapumua. Wanne wakishika nguo moja wanachelewa kuliko mmoja. Fanyeni mara tano kwa saa ya mkononi, mbili za mwisho gizani. Msipoingia ndani ya muda mara zote mbili, tunapunguza vazi. Muziki hausubiri mtu.

Kuna pendekezo la mishumaa kwenye dansi namba 14. Jibu ni hapana. Mwaka 1862, mchezaji wa Opera ya Paris, Emma Livry, alishika moto zoezini: sketi yake ya kitambaa chepesi iligusa taa ya gesi. Alifariki mwaka uliofuata. Dawa ya kuzuia kitambaa kisiungue ilikuwepo wakati ule, lakini ilikifanya kigumu na kukififisha rangi, naye hakuitaka. Vitambaa vyetu ni vyepesi vilevile, na baadhi ya taa zetu ni za balbu za zamani zenye joto la kuunguza kidole. Namba 14 itatumia taa ndogo za betri. Spreyi ya nywele ipigwe chumba cha kuvalia, mbali na taa. Na korido ya nyuma ibaki tupu: vifaa vya jukwaani vikiegeshwa kwenye njia ya kutokea, meneja wa jukwaa ataviondoa bila kuuliza ni vya nani.

Sauti. Kila dansi iletwe kama faili kamili, aina ya WAV, nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, jina likianza na namba: 01, 02, 03, mpaka 17. Tusitegemee intaneti, wala simu ya mtu ambayo mama yake anaweza kupiga katikati ya namba 9. Sekunde moja ya ukimya mwanzoni, na mwisho uliopunguzwa taratibu badala ya kukatwa kama kwa panga. Viwango vya sauti visawazishwe. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na spika vilevile. Dansi iliyorekodiwa juu kupita nyingine hulazimisha fundi kushusha kitasa, kisha inayofuata haisikiki.

Spika kubwa zinawatazama watu, si wachezaji. Tumeweka spika mbili ndogo jukwaani, zote za waya. Msituletee ya bluetooth kusaidia. Spika ya bluetooth hutoa sauti ikiwa imechelewa, mara nyingi sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Kwenye muziki wa mapigo 120 kwa dakika, pigo hadi pigo ni nusu sekunde. Ukichelewa sehemu mbili za kumi, umekaribia nusu ya pigo. Nyinyi mtacheza na spika yenu, watu watasikia ile kubwa, na kundi zima litaonekana limechoka.

Wapiga ngoma wetu wa namba 8 na 17 wana ugonjwa wa kila mpigaji: watu wakijaa, mkono unakimbia. Namba 17 ni mapigo 112 kwa dakika. Ikipanda 120, dansi ya dakika 4 imepungua sekunde 16, na miruko iliyotosha pumzi haitoshi tena. Mbele ya mpigaji kiongozi patakuwa na kifaa cha mapigo chenye taa isiyotoa sauti. Aangalie taa katika hesabu mbili za nane za mwanzo, yaani mapigo 16, kisha kila anaporudi kwenye kiitikio. Na wachezaji msimlaumu kabla hamjajipima: mchezaji mwenye hofu huiwahi ngoma, halafu mpigaji anamfuata.

Ruhusa ya muziki tumeishughulikia kwa dansi zote isipokuwa mbili, na walimu wake wameshaambiwa. Kununua wimbo si ruhusa ya kuupiga hadharani mbele ya watu waliolipa tiketi.

Wiki ya mwisho iko hivi. Jumatano ni zoezi la nafasi: hakuna mavazi, hakuna nguvu, mnatembea mahali penu na kutaja namba. Alhamisi mchana ni zoezi la mafundi. Tuna ishara za taa na sauti zipatazo 51, na kila moja huchukua kama dakika 4 kuweka, kujaribu na kuandika. Fanyeni hesabu: ni zaidi ya saa tatu na nusu pamoja na vurugu ndogondogo. Mtaitwa, mtasimama, mtaambiwa rudini. Njooni na nguo za joto na subira. Mchana huo si wa wachezaji, ni wa watu wenye vifaa vya masikioni, na anayecheza kwa nguvu zote kuwafurahisha atakuwa mkavu kesho yake. Alhamisi jioni ni zoezi kamili na mavazi, bila kusimama, hata mtu akikosea, hata taa isipowaka. Tukisimama tutakuwa hatujajua mishono inachukua muda gani.

Siku yenyewe, onyesho likianza saa 1:00 jioni, wito tunaufuata wa jumba la maonyesho la Kiingereza, ambao huhesabu nyuma kutoka dakika tano kabla ya pazia. Wito wa nusu saa ni saa 12:25, wa robo saa 12:40, wa dakika tano saa 12:50, na wanaoanza husimama mahali pao saa 12:55. Kila wito unajibiwa kwa sauti, "asante, nusu saa," ili meneja wa jukwaa ajue umesikia. Kunyamaza kunahesabika kama hukuwepo. Saa 12:25 usipokuwepo, mchezaji wa akiba anavaa.

Kupasha misuli moto ni dakika 25, kumalizika saa 12:15. Anzeni na mwendo: kutembea, kuzungusha viungo, kuruka kidogo. Kunyoosha msuli mmoja kwa dakika nzima ukiwa umetulia, muda mfupi kabla ya kuruka, kunaupunguzia nguvu. Hilo lifanyeni baada ya onyesho. Kisha vaeni soksi nzito na fulana juu ya vazi. Mtu wa namba 12 akikaa chini kuanzia namba 1, ataingia akiwa baridi, kwa hiyo dansi mbili kabla ya zamu yake ainuke ajipashe tena. Mlo kamili uwe umeliwa saa mbili au tatu kabla. Maji kwa funda ndogondogo. Viatu vipya, kamwe.

Yatakayoharibika yana majibu yake. Muziki ukikatika, endeleeni kuhesabu kwa sauti ya chini hesabu mbili za nane mkicheza; usiporudi, shikilieni umbo mlilofika, mtulie, meneja wa jukwaa atashusha taa. Msitazame kibanda cha sauti, maana mkitazama ninyi watu wote watageuka. Kitu kikidondoka, shela, kiatu, pini, aliye karibu anakisukuma kwa mguu kuelekea pembeni kama sehemu ya hatua. Hakuna kuinama katikati ya mistari. Umekosa kuingia? Ngoja kifungu kinachofuata, ingia na kundi. Anayekimbia peke yake kufidia ndiye pekee atakayeonekana. Mtu akiumia, akae chini palepale na kuinua mkono mmoja. Hiyo ndiyo ishara, na pazia litafungwa bila mjadala.

Wazazi na wapokezi, yenu ni machache. Mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi wanane, na mtoto hutoka kwa saini ya aliyemleta, si kwa "namjua shangazi yake." Choo kabla ya vazi. Wachelewaji wanaingizwa kati ya dansi na dansi tu, kupitia mlango wa nyuma. Picha za mwako ni marufuku, kwa sababu jicho lililozoea giza likipigwa mwako hukaa sekunde kadhaa bila kuona vizuri, na ndani ya sekunde hizo mtu yuko hewani. Watoto wa watu wengine wasirekodiwe. Na jamani, makofi ya kufuata mapigo yanapendeza, lakini yakitoka nyuma ya ukumbi yanafika jukwaani yamechelewa na kuwavuta wachezaji nje ya muziki. Tunzeni makofi mpaka mwisho, mpige yote pamoja.

Jumapili saa 3 asubuhi tunapiga utepe wa namba hapa studio. Jumatatu ya wiki ya mwisho, saa 3 asubuhi vilevile, tunafungua vinili jukwaani, na Jumanne tunabandika. Tunahitaji watu sita kwa kila siku, wenye soksi safi. Tepu, visu na vitambaa vipo. Magoti mje nayo wenyewe. Orodha iko pale mlangoni, karibu na viatu.